Zimeliwa na Nani?

Nilipokuwa kidato cha nne, mwalimu wetu wa Kiswahili aliandika ubaoni kistari na herufi mbili: -la. Akatutaka tutunge sentensi kwa kutumia kitenzi hicho katika kauli ya kutendwa. Niliinua mkono kabla ya wenzangu kwa sababu sentensi nilikuwa nimetoka nayo nyumbani. Nikasema, "Pesa za chama zimekuliwa."

Darasa zima lilicheka. Mwalimu hakucheka. Alingoja kimya kirudi, kisha akasema, "Zimeliwa, si zimekuliwa. Halafu sentensi yako haina mtenda. Zimeliwa na nani?"

Nilisimama pale bila jibu. Sarufi ningeweza kuirekebisha. Swali la pili lilinishinda, na lilikuwa limemshinda mama yangu pia, pamoja na akina mama wengine kumi na tisa waliokuwa wakichanga naye.

Mwanafunzi mpendwa, katika mwongozo huu utasoma mengi kuhusu maudhui, wahusika na mbinu za uandishi. Katika kurasa hizi chache nataka kukusimulia jinsi kitenzi cha silabi moja kilivyonifunza kusoma hadithi.

Nilikulia Rhonda, upande wa magharibi wa mji wa Nakuru, katika ploti ya vyumba kumi na viwili na bomba moja la maji. Mama aliuza omena na sukuma wiki karibu na steji ya matatu. Majirani zetu walitoka kila pembe ya nchi: Wakikuyu, Wajaluo, Waluhya, Wakisii, Wakalenjin. Kiswahili ndicho kilichotuwezesha kukopeshana chumvi na kugombana juu ya zamu ya kufagia.

Akina mama ishirini wa mtaa wetu walikuwa na chama. Kila Jumapili mchana kila mmoja alitoa shilingi 300. Shilingi 200 zilimwendea yule ambaye zamu yake ilikuwa imefika, kwa hivyo aliondoka na shilingi 4,000. Shilingi 100 zilizobaki ziliwekwa akiba. Hesabu yake ni rahisi: shilingi 2,000 kwa wiki, na kwa wiki arobaini na nane ni shilingi 96,000. Akiba hiyo iligawanywa mwezi wa Januari, karo inapodaiwa. Kila mama alitarajia shilingi 4,800. Mimi nilikuwa na salio la karo la shilingi 4,500, na mama alikuwa ameniahidi kwamba mwaka wa mtihani sitarudishwa nyumbani hata siku moja.

Jumapili ya kugawana ilipofika, mwenyekiti alisimama akasema, "Akina mama, nasikitika. Pesa zimekuliwa." Wengine walishika vichwa. Mmoja alilia. Mweka hazina aliinamisha uso akakunjakunja leso yake. Kisha watu wakaenda zao, kama watu wanaotoka mazishini. Kesho yake ndiyo siku niliyoinua mkono darasani.

Mwalimu alitufafanulia kosa langu, na maelezo yake yatakufaa katika Karatasi ya Pili. Mzizi wa kitenzi hiki ni silabi moja, na katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Baada ya viambishi kama -na-, -li-, -ta- na -me- tunabakisha ku ili mkazo upate mahali pa kukaa: anakula, alikula, atakula, amekula. Penginepo ku hutoweka: hula, akila, sijala, nataka ale, alaye. Kwa hivyo "ukikula" na "nataka ukule" tunazozisikia mitaani kila siku hazikubaliki katika mtihani. Sema "ukila" na "nataka ule." Kitenzi kikishanyambuliwa kuwa -liwa kina silabi mbili, hivyo ku haina tena kazi ya kufanya. Ndiyo maana pesa zimeliwa.

Kisha alitupa kazi ya wiki moja. Kila mmoja aandike katika daftari kila maana ya "kula" atakayoisikia nyumbani, njiani na sokoni. "Msinitungie," alisema. "Sikilizeni."

Nilisikiliza. Jioni hiyohiyo utingo alilalamika kwamba gari lao kuukuu linakula mafuta mno. Fundi wa viatu aliyeketi kwenye lango la ploti aligeuza kiatu changu akaniambia soli imelika upande mmoja, kwa hivyo ninatembea vibaya. Vijana waliocheza drafti kwa vifuniko vya soda walipiga kelele "Nimekula!" kila walipoondoa kete ya mpinzani. Mlinzi wa usiku alisifiwa kuwa mzee aliyekula chumvi nyingi. Mama muuza nyanya, ambaye makreti yake mawili yalikuwa yameoza, alisema amekula hasara. Jirani mmoja alidai wenye nyumba wamekula njama ya kuongeza kodi. Redioni, katika taarifa moja ya habari, nilisikia maafisa wapya wamekula kiapo na wengine wa zamani wameshtakiwa kwa kula rushwa. Na mtu aliyewahi kufanya kazi kando ya Ziwa Nakuru alipozungumzia maji yaliyopanda kule, alisema ziwa linakula nchi kavu.

Nilipozipanga maana hizo niliona zinaenda kwa makundi. Katika kundi la kwanza, anayekula anapata kitu kizuri ambacho ni haki yake: kula sikukuu, kula uhondo, kula chumvi nyingi. Hata chama kilikuwa humu, kwa maana kila Jumapili swali lilikuwa "Leo nani anakula?" Aliyetajwa alipigiwa vigelegele. Katika kundi la pili, kitu kinapunguzwa kidogo kidogo mpaka kiishe: gari linakula mafuta, kutu inakula chuma, soli inalika. Katika kundi la tatu anayekula ndiye anayeumia, kama kula hasara. Na katika kundi la nne anayekula anashiba na mwingine anaumia: kula rushwa, kula riba, kula amana.

Kiapo kilinitatiza. Kwa nini kiliwe? Nilimuuliza mzee wetu wa chumvi nyingi. Aliniambia kwamba katika Kikikuyu pia husemwa kũrĩa mũma, yaani kula kiapo, na kwamba zamani hilo halikuwa fumbo. Akanitajia Olenguruone, magharibi mwa Nakuru, ambako katika miaka ya 1940 wakulima wa Kikuyu waliopinga masharti ya serikali ya kikoloni walikula kiapo cha umoja, kabla ya kufukuzwa kwenye mashamba hayo. Kiapo kinaingia mwilini mwa mtu, alisema, na kitu kilichoingia mwilini huwezi kukitema ukidhani hukukila. Tangu siku hiyo, ninaposikia kwamba kiongozi amekula kiapo, huwa najiuliza kama amekimeza au amekitafuna tu.

Katika daftari langu kulikuwa na ukurasa mmoja wa kauli za mnyambuliko, na humo niligundua mtego mwingine. Kauli ya kutendea ya -la ni -lia. Kwa hivyo katika methali "Mchumia juani hulia kivulini," hakuna anayetokwa na machozi. Anayefanya kazi juani atakula akiwa kivulini. Mkono wa kulia nao ni mkono wa kulia chakula. "Nilikulia Rhonda" imetokana na kitenzi kingine kabisa, -kua. Ukipewa neno "kulia" katika mtihani, kwanza uliza limezaliwa na nani. Kadhalika usichanganye "kula" na "kura." Ni vitate, na katika mitaa yetu kuna watu ambao ndimi zao haziyatofautishi. Wakati wa kampeni, tofauti ya r na l inaweza kuleta kicheko, na wakati mwingine inaweza kusema ukweli bila kukusudia.

Jumamosi usiku mama aliniona nikiandika akaniuliza ni kazi gani hiyo. Nilimsomea orodha yangu. Alicheka nilipofika kwa wacheza drafti. Nilipofika mwisho nilimwambia, "Mama, mwalimu anasema sentensi ya mwenyekiti haijakamilika. Baada ya 'zimeliwa' panafaa kuwa na 'na,' halafu jina."

Mama aliendelea kuchambua omena. Baada ya muda akasema, "Huyo mwalimu wako anakaa wapi?"

"Mjini, mama."

"Ndiyo maana," akasema.

Lakini Jumapili alienda mkutanoni, nami nikamfuata nikakaa nje ya mlango pamoja na watoto wengine. Walikuwa wamebaki akina mama kumi na wanne. Mwenyekiti aliomba watu wasameheane waanze upya. Ndipo nikasikia sauti ya mama. "Mwenyekiti, kabla ya kusameheana, tuelezwe. Pesa zimeliwa na nani? Tukimjua, ndipo tutajua tunamsamehe nani."

Palikuwa kimya. Kisha mweka hazina akasema kwa sauti kavu, "Sawa, dada zangu. Nimekuja na kitabu." Akaanza kusoma majina. Fulani, shilingi 5,000, mtoto alikuwa amelazwa. Fulani, shilingi 2,500, kodi ya nyumba. Mwingine, shilingi 4,000, nauli ya matanga. Yalikuwa majina kumi na moja, na la saba lilikuwa la mama yangu: shilingi 3,000, mwezi wa Mei, karo.

Nilikumbuka Mei. Nilikumbuka kwamba nilirudishwa nyumbani Jumatatu na Jumatano nikawa darasani tena, na sikuuliza pesa zilitoka wapi. Mama alikuwa amekopa kutoka kwenye akiba bila chama kujua, akikusudia kurudisha, na hakurudisha. Wenzake kumi walikuwa wamefanya vivyo hivyo. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Kwa hivyo jibu la swali la mwalimu lilianza nyumbani kwetu. Pesa zililiwa na mama. Zililiwa na mimi.

Mama hakukana. Alisema, "Ni kweli, nilikula. Nitalipa." Na baada yake wengine wakaanza kusema "Hata mimi." Hapo ndipo mama mmoja aliyekuwa hodari wa hesabu alipojumlisha mikopo yote. Ilikuwa shilingi 38,000. Zilibaki shilingi 58,000 ambazo kitabu hakikuzitaja. Mweka hazina alikuwa ameandika ulaji wa kila mtu isipokuwa wake. Alipoulizwa alifunga kitabu akasema, "Hizo nazo zimekuliwa tu." Kabla ya mwezi kwisha alikuwa amehama Rhonda.

Mama alilipa shilingi 3,000 zake kwa awamu, wiki baada ya wiki, katika chama ambacho hakikuwepo tena. Alizunguka akiwapa wenzake mkononi. Mimi nilikaa nyumbani siku nne mwaka huo kabla ya salio langu kupunguzwa, na nikafanya mtihani. Chama kipya kilianzishwa mwaka uliofuata. Kitabu chake kilisomwa kwa sauti kila Jumapili.

Tangu wakati huo sijaweza kuisikia kauli ya kutendwa kwa masikio ya zamani. Ni kauli halali na yenye manufaa. Husaidia tunaposhughulika na mtendwa, au mtenda anapojulikana na hakuna haja ya kumtaja. Lakini ina mlango wa nyuma. Unaweza kumtoa mtenda na sentensi ikabaki imesimama, sanifu, isiyokosolewa na mtahini yeyote: Pesa zimeliwa. Ardhi imenyakuliwa. Dawa zimeibwa. Mweka hazina wetu alikosea mnyambuliko, lakini kutoroka kupitia mlango ule alijua vizuri.

Usidhani Waswahili peke yao ndio waliokipa kitenzi hiki tumbo kubwa. Katika ploti yetu, jirani Mjaluo alisema chamo pesa akimaanisha jambo lilelile. Waganda husema okulya olukwe kwa maana ya kusaliti, karibu sawa na kula njama yetu, na Kabaka anapotawazwa husemwa kuwa amekula ufalme. Wahausa wa Naijeria husema ci amana, kula amana, kama sisi. Wayoruba wana kitenzi kifupi kama chetu, jẹ, ambacho maana yake ya kwanza ni kula. Kwao mtu anayepewa cheo cha kimila hula cheo, na mtu anayedaiwa hula deni. Nilipojifunza hilo miaka mingi baadaye, nilimkumbuka mama. Alikuwa amekula deni, na deni halikumeng'enywa mpaka alipolilipa.

Sasa turudi kwenye diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine. Katika hadithi iliyoipa diwani jina lake, Said A. Mohamed anatuletea Jitu linaloingia katika mkahawa wa Mzee Mago, katika mtaa wa Madongoporomoka, na kula kila kilichopikwa. Mwanafunzi mvivu ataandika kwamba Jitu ni mlafi, ataishia hapo, na atapata alama chache. Angalia kitenzi. Jitu linakula kwa maana ya kwanza kabisa, chakula kwenye sahani, ilhali wakazi wanahofia kula kwa maana nyingine, kuliwa kwa ardhi yao. Mwandishi ameziweka maana mbili katika tumbo moja, na hiyo ndiyo nguvu ya jazanda yake. Mimi sikuhitaji kuelezwa Madongoporomoka ni mahali gani. Nilikaa katika mtaa ambao watu wa mbali waliuzungumzia kama vile haukuwa na wenyewe.

Soma vilevile "Shibe Inatumaliza" ya Salma Omar Hamad. Sasa na Mbura wanakula katika sherehe ya Mzee Mambo, sherehe yenye sababu ndogo na gharama kubwa inayobebwa na umma. Ni rahisi kuwacheka. Unapowacheka, jiulize nani mwingine yuko kwenye foleni ya sahani. Hadithi hiyo ina wananchi waliokuja kula bila kuuliza chakula kimetoka wapi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilijiona miongoni mwao, na nauli yangu ya kurudi shuleni ikiwa mfukoni.

Hapa kuna tofauti ambayo ningependa uishike. Mama alikula shilingi 3,000 na Jitu lilikula mkahawa mzima, na hata mtoto mdogo anaona kuwa viwango havilingani. Lakini kinachowatenganisha zaidi ni kwamba mama, alipoulizwa, alitamka sentensi yenye mtenda: "Nilikula." Sentensi hiyo ndiyo iliyomwezesha kulipa. Anayesema "zimeliwa tu" hawezi kulipa, kwa sababu kwake hakuna anayedaiwa. Wahenga walisema "Mla cha mwenziwe na chake huliwa." Itazame methali hiyo kama mwanasarufi: ndani yake kitenzi kimetumiwa mara mbili, mara ya kwanza kikiwa na mtenda na mara ya pili kikiwa katika kauli ya kutendwa. Anayeanza akiwa mtenda humaliza akiwa mtendwa.

Kwa hivyo unaposoma hadithi yoyote katika diwani hii, kila unapokutana na kula, shibe, tumbo, njaa au karamu, simama uulize maswali matatu. Nani anakula? Nini kinaliwa? Nani anabaki na njaa? Ukiyajibu hayo kwa mifano kutoka hadithini, utakuwa umekwishaandika nusu ya insha yako kuhusu maudhui ya ufisadi, unyonyaji na ukosefu wa usawa. Na ukikutana na sentensi ambayo mtenda wake amefichwa, mtafute. Mara nyingi yuko kurasa chache nyuma. Na mara nyingine ukimtafuta vizuri, utamkuta amevaa sare ya shule, kama nilivyomkuta mimi.

Maswali ya kudadisi

1. Tunga sentensi tatu ukitumia kitenzi -la katika kauli ya kutendea, kutendwa na kutendesha.

2. Eleza maana mbili zinazojitokeza katika sentensi: "Alimlia mwenzake."

3. "Kula ni jazanda inayotawala hadithi ya 'Tumbo Lisiloshiba.'" Thibitisha kauli hii kwa mifano.

4. Sikiliza mazungumzo ya mtaani kwenu kwa wiki moja. Andika matumizi kumi ya kitenzi -la, kisha uyagawe kulingana na nani anafaidi na nani anaumia.